Rangi ya Siku ya Pili

Haya ndiyo niliyoyazungumza Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, mbele ya vijana wanaotengeneza video na picha za mtandaoni hapa Mombasa. Wa Likoni walinipigia kuniambia feri iliwachelewesha, wa Mtwapa walikwama barabarani. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaondoa tu pale nilipokohoa na pale maikrofoni ilipokata.

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote? Shikamooni wazee wangu mliokaa kule nyuma. Najua mmekuja kuhakikisha sisemi upuuzi.

Kabla sijaanza naomba kitu kimoja. Tangu mketi hapa, ni nani amechungulia simu kuona ile video aliyoiweka asubuhi imefika wapi? Inueni mikono. Msione haya. Wewe dada wa mtandio wa kijani umeinua nusu mkono, nao nauhesabu. Mimi mwenyewe nimechungulia nikiwa kwenye tuktuk, na tena hapo nje ngazini. Kwa hivyo leo msinione kama daktari aliyekuja kuwatazama wagonjwa. Nimelazwa wodi moja nanyi.

Wengi mwanijua. Nachora hina. Nimezaliwa Kibokoni, nikafundishwa na nyanya yangu aliyekuwa akichora kwa chelewa, kile kijiti cha ukuti, kabla koni za hina hazijaletwa. Huu ni mwaka wa 22 napaka mikono ya mabibi harusi. Ukurasa wangu niliufungua 2016, na sababu haikuwa kubwa: mteja mmoja alitaka kumwonyesha mama mkwe wake kazi yangu kabla ya kulipa arubuni.

Waandaaji waliniomba nije niwafundishe namna ya kupata watazamaji. Nikawaambia hilo silijui, na ninalolijua pengine hamtalipenda. Wakasema, njoo hivyo hivyo.

Basi nianze na njiwa.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliandika juu ya jaribio alilolifanya kwa njiwa wanane wenye njaa. Kila njiwa alitiwa kizimbani, na mtambo ukimletea chakula kila baada ya sekunde 15. Sasa sikilizeni vizuri. Chakula kilikuja hata njiwa afanye nini. Akitulia, kinakuja. Akirukaruka, kinakuja. Hakuwa na mkono wowote katika jambo lile. Lakini sita kati ya wale wanane wakaanza vituko. Mmoja akawa anazunguka kizimbani mara mbili, mara tatu, akingojea. Mwingine akawa anasukumiza kichwa kwenye pembe ya juu, tena na tena. Kwa nini? Kwa sababu chakula kilipokuja, kilimkuta akifanya hivyo. Akawa kama mtu aliyeamini kwamba kichwa chake ndicho kinacholeta riziki.

Mnacheka. Wenye kufuga njiwa juu ya mapaa kule kwetu hawacheki, wanawajua.

Haya, tuambiane ukweli. Nani hapa haweki video ila Ijumaa saa mbili usiku, kwa sababu Ijumaa moja saa mbili usiku ilivuma? Nani anatia wimbo asioupenda, wala hajui maneno yake, kwa sababu wiki hii kila mtu anautia? Nani anaanza kila video kwa "subiri uone mwisho", na mwisho wenyewe hauna kitu? Mimi, mwaka mzima, sikuweka video bila bangili nyekundu. Wallahi. Video moja yenye bangili nyekundu ilikwenda mbali, basi bangili ikawa hirizi. Bibi harusi wa watu anakuja na dhahabu yake aliyonunuliwa kwa jasho, nami namwambia, mwanangu, hebu vaa na hii. Ya plastiki! Nilikuwa nasukumiza kichwa pembeni mwa kizimba.

Tuseme haki pia. Huu mtambo wa simu si sawa kabisa na ule wa Skinner. Huu hutazama kweli: nani ameangalia mpaka mwisho, nani amerudia, nani amemtumia mwenziwe. Ila vipimo vyake hubadilishwa kila mara, na wewe uliyeko Bondeni na bando lako la siku huambiwi vimebadilika vipi. Waona matokeo tu. Ndiyo maana kila mmoja wetu ana bangili yake.

Na kile kidole cha "nimependa", mwakijua kimezaliwa lini? Facebook ilikileta 2009. Kuna watu humu wana umri kukizidi. Kabla yake, mtu akipenda kitu chako ilibidi atafute neno la kusema. Na sisi wa Pwani tulikuwa na desturi yetu. Wangapi mmekwenda na mama zenu kwenye taarabu? Mmeona watu wakitunza? Mwimbaji anaimba, anafika ubeti fulani, mama mmoja anainuka kitini. Haendi mbio. Anakwenda kwa madaha, noti mkononi, anapita mbele ya kila mtu, anaitoa. Na kila aliyepo anajua kwa nini ameinuka kwenye ubeti ule, na ubeti ule unamwendea nani, ambaye ameketi safu ya tatu akijifanya anatafuta kitu mkobani.

(Hapa akina mama walipiga vigelegele, ikabidi ningoje.)

Mwimbaji yule anajua nani amempenda. Anajua amependa neno gani. Anajua imemgharimu pesa ngapi na imemletea adui gani. Sasa wewe una laiki mia tano. Nani amependa nini? Amependa hina, au amependa mkono, au kidole kimemteleza akienda chooni?

Niingie kwenye kazi yangu, maana ndiyo ninayoijua, haya mengine nimeyasoma tu.

Hina ni jani. Majani hukaushwa, husagwa, hukorogwa kwa ndimu na sukari, wengine hutia mafuta ya mkaratusi. Ukipaka usiku, ukaacha mpaka asubuhi ukaikwangua, rangi utakayoiona ni ya chungwa. Chungwa la kwenye vitabu vya watoto, si yale ya kijani ya Kongowea. Bibi harusi asiyejua hulia. Nimewaliza wengi. Huwaambia tulia, mwanangu, lala leo. Siku ya pili inakolea. Inaingia katika wekundu wa kahawa iliyokaangwa, na hapo ndipo imekuwa hina. Hakuna fundi anayeweza kuipita siku ile. Rangi huingia ngozini, hukutana na hewa, hukolea kwa wakati wake.

Sasa nawauliza: video hupigwa lini? Hupigwa papo hapo, kazi ikiisha, kabla bibi harusi hajaondoka na taa haijazimwa. Kwa hivyo simu haijawahi kuiona hina ya siku ya pili. Simu inaijua rangi ya chungwa, na rangi ya chungwa haivumi.

Kinachovuma ni piko. Nyeusi tii, kali, mistari kama imetoka kiwandani. Ukiinyanyua mbele ya kamera haihitaji maelezo. Piko nyingi tunayoitumia ni dawa ya kutia nywele rangi, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Ulaya na Marekani huikubali kwenye dawa ya nywele, hawaikubali ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi, kwa sababu huweza kuunguza, na mwenye kupata mzio wake huweza kukaa nao maisha. Nilikuwa nayajua haya? Nilikuwa nayajua nusu. Nyanya yangu alikataa piko isiingie nyumbani mwake. Nikamwona mtu wa zamani.

Mwaka 2019 nikaanza piko. Hesabu zikapanda, nami nikapanda nazo. Nilikuwa natembea kama mtu mwenye jina.

Akaja msichana wa Kisauni, miaka kumi na tisa. Hakuwa bibi harusi, alikuwa ndugu wa bibi harusi tu. Akanionyesha simu yake, akanionyesha video yangu mwenyewe, akasema nataka kama hii. Nikamchora. Siku ya tatu mamake akanipigia simu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Dada, njoo uone kazi yako."

Nilikwenda. Maua yangu yote yalikuwa yameinuka kwenye mkono wa yule mtoto, yamejaa maji, malengelenge yaliyofuata mstari wangu jani kwa jani. Ungeweza kuyahesabu. Nilikitambua hata kile kikonyo cha mwisho karibu na kiwiko, ambacho hukitia mimi peke yangu, kama saini. Yule binti alikuwa akinitazama anione nitasema nini.

Amepona, alhamdulillahi, imebaki alama hafifu ambayo yeye anasema haionekani nami naiona. Gharama za dawa nililipa. Lakini ninalotaka mlisikie ni hili. Nikiwa kwenye matatu narudi kutoka Kisauni, simu ilikuwa inalia mkobani. Ile video iliyomleta kwangu ilikuwa bado inaendelea. Watu wanaandika "Mashallah". Watu wanaandika "nataka na mimi". Nilifika nyumbani nikafungua pale pa kufuta. Leo nalisema kwa wepesi, niliifuta, ndiyo, usiku ule ule. Lakini niliketi na kidole hewani robo saa nzima. Nimetoka kumwona mtoto wa watu ameungua kwa mkono wangu, na robo saa nzima bado naihurumia ile tarakimu ya watazamaji.

Ile robo saa ndiyo inayonitisha mpaka leo.

La pili nitalisema kwa ufupi, maana si siri yangu peke yangu. Wanawake mliomo humu mwajua sherehe ya kupamba bibi harusi ilivyo. Wanawake peke yao, buibui zimetundikwa, nywele zimetengenezwa, na mlangoni kuna mtu anakusanya simu. Mimi huachiwa yangu kwa sababu ni mchoraji, nipige mikono ya bibi harusi basi. Ni amana. Nikapiga mikono. Nyuma ya mikono palikuwa na kabati lenye kioo. Na katika kioo, kwa sekunde mbili, alikuwemo shangazi wa watu, kichwa wazi, anacheka. Sikumwona. Wengine walimwona. Niliifuta ndani ya saa moja, lakini ilikwisha kuingia WhatsApp, na kitu kikiingia WhatsApp ya Mombasa umeshakipa talaka. Nilikwenda kumwangukia. Alinisamehe kwa ulimi. Mpaka leo akisikia mimi ndiye mchoraji, haji harusini.

Mtasema ni ajali. Nami nilijiambia hivyo. Kisha nikajiuliza, nimekosaje kukiona kioo kikubwa kama kile? Nilipokuwa nikichora nilikuwa naiona mikono ya yule binti, naona hata pale ngozi ilipokauka. Nilipoinua simu nikaacha kumwona. Nikawa nawaona watu laki moja ambao sijui hata wanakaa wapi. Shangazi hakuwemo katika laki ile.

Kijana mmoja, nilipokuwa natayarisha maneno haya, aliniuliza: kwani zamani watu hawakutaka sifa? Walitaka! Msimchukulie mtu wa zamani kuwa malaika. Hapa hapa Mvita alikuwako Muyaka bin Haji, na sidhani kama kuna malenga aliyejua uzuri wa maneno yake kumshinda. Aliishi enzi za Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakati Fort Jesus imo mikononi mwao na Seyyid Said, mtawala wa Omani, anaitaka. Wajuzi wa ushairi husema yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akauleta sokoni. Alitunga siasa, alitunga njaa, alitunga mapenzi na ugomvi wa nyumbani.

Alifariki 1840. Kitabu hakuwahi kukiona. Mashairi yalibaki vichwani mwa watu na katika makaratasi ya wachache, kwa hati za Kiarabu. Baadaye sana Mwalimu Sikujua akayakusanya, akisaidiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor. Kitabu kikatoka mwaka 1940. Hesabuni wenyewe. Miaka mia.

Watu walimkumbuka kwa nini? Mimi si msomi, nitawaambia ninavyodhani. Muyaka alikuwa akijibu. Mashairi yake mengi yana mtu upande wa pili: wa Lamu aliyemchokoza, wa Mombasa aliyelegea, mwanamke fulani, bwana fulani. Alijua shairi linagonga mlango gani. Na anayegongewa mlango hasahau, wala jirani yake hasahau.

Sisemi kwamba video zangu za hina zitakumbukwa miaka mia. Zitakufa na hii simu, ambayo betri yake imeshaanza kuvimba.

Najua swali lililo midomoni mwenu. Mama, tutakula nini? Ni swali la haki na sitalikwepa. YouTube, kwa video za kawaida, haikupi fungu la matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwenye kutaka riziki ya njia ile anahitaji umati, sitamdanganya. Mchekeshaji kazi yake ni umati, kama mwenye matatu kazi yake ni abiria. Sina ugomvi naye, na wengine wananichekesha sana.

Lakini wewe unauza viatu Marikiti. Wewe unapika biriani ya oda. Wewe unashona. Mimi nina mikono miwili, kwa siku nachora mabibi harusi wawili, msimu ukipamba moto watatu, na usiku mgongo hausemeki. Watazamaji laki tatu wa Brazili nitawachora lini? Siku moja nilikaa na daftari langu, la karatasi, lile la arubuni, nikatafuta ni wateja wangapi walioletwa na video iliyovuma kuliko zote nilizowahi kuweka. Niliwapata wawili. Mmoja hakutokea.

Basi nafanya nini siku hizi? Mambo madogo, hata naona haya kuyasema mbele ya maikrofoni. Instagram tangu 2021 inakuruhusu kuficha hesabu ya laiki. Nimeficha. Haiponyi, inapunguza kuwasha. Kabla sijaweka kitu, namwonyesha kwanza mwenye mkono, na mama yake kama yupo, na nakagua vioo. Piko sipaki. Nimepoteza wateja kwa hilo, na wengine wamehamia kwa mwanafunzi wangu mwenyewe. Na siweki tena picha ya usiku ule. Namwomba bibi harusi anipigie mwenyewe siku ya pili, akipenda. Picha zinakuja mbaya! Taa ya jikoni, kidole kimekatwa, nyuma yake sufuria. Naziweka na sufuria yake.

Jambo jingine, nikishika simu hutafuta jina. Hii namwambia nani? Namwambia Bi fulani wa Majengo anayeogopa hina isimtoke vibaya. Namwambia yule mwanafunzi wangu aliyekimbia. Siku nikikosa jina naweka simu chini, nakunywa chai.

Mwezi uliopita jina nililokuwa nalo ni la nyanya yangu, Mungu amrehemu. Nikaweka video ya kutwanga majani ya hina. Dakika kumi na moja. Hakuna wimbo. Kinu, mchi na pumzi zangu za mtu mnene. Waliotazama ni 61, na nadhani ishirini ni jamaa zangu.

Siku ya tatu ukaja ujumbe wa sauti kutoka Lamu, kwenye simu ya mjukuu wa mtu. Bibi mmoja, sauti imekauka lakini haina shaka hata chembe. "Mwanangu, nimekuona. Mchi wako mzuri. Lakini majani hayo umeyaanika juani, nayaona yalivyopauka. Hina huanikwa kivulini. Nani kakufundisha wewe?" Nikamjibu kwa adabu zote kwamba nimefundishwa na nyanya yangu wa Kibokoni. Akarudisha: "Nyanya yako alianika kivulini. Wewe ulikuwa ukicheza, hukuangalia."

Nilikaa na simu mkononi. Nikamwona nyanya anatandika mkeka chini ya ngazi, pale ambapo jua halifiki, anamwaga majani, anayasambaza kwa kiganja. Mimi mtoto nikidhani anaogopa kunguru.

Nimeyaanika upya, chini ya ngazi ile ile. Kufikia Jumanne yatakuwa yamekauka. Nitayatwanga, nipake mkono wangu wa kushoto usiku, Jumatano niikwangue. Alhamisi nitampelekea picha.

Haya, kahawa iko pale mlangoni na kashata. Mwenye swali aulize, ila wazee kwanza.